Daktari Sababu Astaafu, Amebakiwa na Sababu Moja

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mtafiti Mwandamizi wa kituo chetu atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchunguza jambo moja tu: kwa nini mtu mwenye akili zake timamu humwona mtu mwenzake, tena mwenye kasoro zinazoonekana toka mbali, akapoteza hamu ya kula. Wengine miaka kama hiyo huitumia kujenga barabara. Yeye ameitumia kuwauliza watu walikutana wapi.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Wasomi wakasema wanahitaji miezi sita na orodha ya marejeo. Basi kalamu ikashuka hadi idara ya usafiri, kwangu mimi Dereva Mkuu, ambaye shule sikuimaliza lakini mapenzi nimeyasomea uwanjani, katika miji mingi, na nimefeli kwa heshima zote. Isitoshe, nimemwendesha mstaafu huyu tangu wiki yake ya kwanza. Mtu akikaa kiti cha nyuma cha gari lako muda wote huo, unamjua hata kwa kikohozi.

Niseme mapema ili nisije nikalaumiwa: mpaka juzi hatukujua kama sherehe hii itakuwa ya furaha au ya kufutana machozi. Mstaafu alikuwa anaondoka. Nesi wetu, Sista Mkanda, naye alikuwa anaondoka, kila mmoja na njia yake. Na kati yao kulikuwa na neno ambalo kituo kizima kililijua, hata wauza vigae wa duka la chini yetu walilijua, isipokuwa halikuwa limesemwa. Nitafika huko. Kwanza kazi.

Alifika kwetu kijana mwembamba, suruali imemzidi kiuno, shahada zake mbili ndani ya bahasha ya kaki. Kituo kilikuwa hapa hapa kilipo leo, orofa ya tatu juu ya duka la vigae na masinki. Kibao cha mlangoni kilisema tunachunguza mahusiano, na kila wiki mtu alipanda ngazi akihema kuuliza kama tunarudisha wake waliokimbia. Mwingine angewafukuza. Yeye aliwakaribisha kiti, akawapa chai, akawauliza taratibu: huyo mkeo, mlikutana wapi? Walieleza mpaka chai ikapoa, wakashuka wakiwa wamesahau kudai mke.

Hapo ndipo utafiti wake wa kwanza ulipoanzia. Aliingia kwenye yale majengo marefu nyuma ya kituo cha mafuta, akawahoji wenye ndoa ghorofa kwa ghorofa. Akakuta wengi wamempenda mtu wa mlango wa pili, wa ngazi moja, wa foleni moja ya bomba. "Binadamu ni mvivu," aliwaambia wakaguzi wa wafadhili waliokuja kutazama fedha zao zinaliwaje. "Anampenda aliye karibu, halafu anasema ni majaliwa." Mkaguzi mmoja alinuna siku nzima. Baadaye nikiwa namrudisha hotelini ndipo nikajua kwamba mkewe ni binti wa mwenye nyumba wake wa zamani.

Kisha wakaja panya. Hawa si wale wa jikoni kwako. Hawa ni wa nyika za nchi za baridi, dume na jike hushikamana mpaka kifo, na wasomi wanasema siri imo katika majimaji fulani ya ubongo ambayo mimi nilielezwa mara kadhaa nikaitikia kwa adabu. Nilitumwa kuwachukua uwanja wa ndege. Afisa wa mizigo akafungua sanduku, akanitazama.

"Mzee, hawa wana ugonjwa gani?"

"Hawana ugonjwa. Ni waaminifu."

"Waaminifu kwa nani?"

"Kwa wake zao."

Akawaita wenzake wote waje kuona. Walijipanga pale kama watu waliokuja kumtazama simba. Mmoja akauliza kama kuna dawa inayotokana nao, akitaka kujua kwa ajili ya shemeji yake. Panya wale waliishi nasi vizuri, na mstaafu aliwaamkia kila asubuhi kabla ya kutuamkia sisi. Mlinzi wetu alimleta mkewe Jumapili moja kumwonyesha. Mama yule alisimama mbele ya kile kizimba, akatikisa kichwa, akamgeukia mumewe akasema, "Umeona?" Tangu siku ile mlinzi huwapita panya wale bila kuwatazama usoni.

Baada ya panya ikawa zamu ya fulana. Wanaume walipewa fulana nyeupe walale nazo usiku kadhaa, bila marashi, bila sabuni ya kunukia. Fulana zikatiwa kwenye mitungi ya kioo, akina dada wakaja kunusa na kuandika ni mwenye harufu ipi wangekubali kuketi naye. Nia ilikuwa kujua kama pua ina kura katika mambo ya moyo. Ina kura, tena kubwa. Mimi nilijitolea, na kuhusu mtungi wangu dada mmoja aliandika "hapana, asante", mwingine akaomba dirisha lifunguliwe. Lakini hilo si kitu. Mtungi uliopendwa kuliko yote, ambao akina dada walirudi kuunusa mara ya pili wakitabasamu, ulikuwa na fulana mpya ya dukani ambayo haijavaliwa na mtu yeyote, imewekwa tu ya kulinganishia. Mstaafu aliyasoma matokeo hayo kwa sauti kwenye mkutano wa nchi za nje, mbele ya maprofesa wenye vitambaa shingoni: mwanamume anayevutia zaidi ni yule asiyekuwepo. Wakapiga makofi. Wengine walipiga wakiwa wameinamisha vichwa.

Ila kilichompa jina ni ngazi. Jengo letu lina ngazi mbili: ya saruji ndani, na ile ya chuma ya nje, ya kukimbilia moto, ambayo hutikisika hata paka akipanda. Alichukua vijana wa kiume, nusu wakapandia ndani, nusu nje. Juu wote walikutana na dada yule yule, akawauliza maswali yale yale ya kipuuzi, akawaachia namba ya simu ya ofisi eti wakitaka maelezo zaidi. Waliopanda saruji walikwenda zao. Waliopanda chuma walipiga simu mpaka laini ikachemka. Mmoja alileta mjomba wake.

Maana yake, kwa lugha yetu sisi wa barabarani, ni hii: moyo ukishaanza kudunda, kichwa hutafuta mwenye kosa, na kinamshika wa kwanza kumwona. Kijana aliogopa ngazi akadhani amependa. Wapo waliooa kwa staili hiyo, na mimi nawajua kwa sura.

Tangu hapo mstaafu akaweka kanuni ya kituo. Akaiandika kwa mkono kwenye kipande cha boksi la vigae na kukipigilia ukutani: kabla hujaandika neno "mapenzi" kwenye ripoti, ondoa kwanza sababu nyingine zote. Kahawa, ondoa. Ngazi, ondoa. Joto, njaa, woga, ondoa. Kikibaki kitu, hapo ndipo uandike. Tukampa jina la Daktari Sababu, na kanuni ikatuingia damuni. Mkurugenzi akichelewa na kusema foleni, tunaulizana kwa macho: sababu nyingine? Dada wa mapokezi alichumbiwa akiwa na homa, akamwambia mchumba arudi akishapona ili ahakikishe. Alirudi. Wana watoto watatu sasa. Kwa hiyo kanuni si mbaya. Ubaya wake ni kwamba mwenyewe aliichukua akaenda nayo nyumbani.

Sasa tumefika.

Kituo kina mashine ya kupimia mapigo ya moyo, yenye mkanda wa kufungwa kifuani. Kila asubuhi kabla washiriki hawajaja, mkanda hujaribiwa kwa mtu yule yule mmoja, mwenye moyo mtulivu, ili ijulikane kama mashine imeamka salama. Mtu huyo alikuwa Daktari Sababu. Wakati wa nesi wa zamani, yule mzee mwenye ndevu, moyo wa Daktari ulikwenda kama saa ya ukutani ya ofisi ya posta. Ungeweza kulala kwa kuusikiliza.

Nesi mwenye ndevu akastaafu, akaja Sista. Mjane, mama wa binti mmoja, chupa ya chai kwapani, kicheko kinachosikika mpaka kwenye masinki. Hana makuu wala hana woga. Siku ya kwanza tu alimwambia Mkurugenzi kwamba tai yake inamkaba na akailegeza. Asubuhi iliyofuata akamfunga Daktari mkanda, akasoma namba, akainua nyusi.

"Daktari, tumepanda."

"Mashine hiyo."

"Haya. Mashine."

Na kweli Daktari aliamini ni mashine. Nilitumwa nayo kwa fundi. Fundi akaifungua, akaipuliza vumbi, akajipima mwenyewe, akampima mkewe, akanipima mimi, akasema haina tatizo lolote. Ikanunuliwa mpya. Mpya nayo ikasema vile vile. Daktari akakuna kidevu na kuitazama kanuni yake ukutani. Sababu nyingine. Akaacha kahawa, mtu aliyekuwa haamki bila vikombe viwili. Namba haikushuka, ila yeye alisinzia kwenye vikao vyote vya robo ile ya mwaka. Akaleta feni kwa sababu ya joto. Feni ilipeperusha karatasi za watu, namba ikakaa pale pale.

Kisha akafikiri: ngazi hizi. Napanda mpaka orofa ya tatu, nafika moyo unadunda. Halafu tena chumba chake na chumba cha Sista vimepakana, na yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba mtu humpenda wa mlango wa pili. Akakata shauri kuondoa sababu mbili kwa mpigo. Aliomba ofisi chini kabisa, kichumba cha stoo nyuma ya duka la vigae, na mimi ndiye niliyembebea meza. Alikaa mle katikati ya masinki kama mtu anayesubiri fundi bomba. Wateja waliingia wakamwuliza bei, naye kwa upole wake akajifunza bei.

Kwa hiyo sasa ikawa ni Sista anayeshuka ngazi kila asubuhi na mashine yake, viatu vikigonga, tako, tako, tako, na Daktari ameketi chini anamsikia toka orofa ya tatu. Namba ilipanda kuliko wakati wowote. Wauza vigae walikuwa wanaacha kuuza ili wasikilize.

"Daktari, leo tumevunja rekodi."

"Nadhani ni baridi ya sakafu."

"Eti baridi ya sakafu. Vua koti nikufungue."

Mtauliza: hakuna aliyemwambia? Nilimwambia mimi, tena kiume, garini, taa zikiwa nyekundu. "Daktari, wewe unampenda huyu mama." Akanijibu toka nyuma, bila hasira, "Hiyo ni nadharia. Ushahidi uko wapi?" Nikamwambia ajitazame kwenye kioo changu. Akajitazama, kisha akaandika kitu. Baadaye niliona ameandika: maoni ya dereva. Dada yake mkubwa naye, mama mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alikuwa akipiga simu ya mapokezi kila mwisho wa mwezi na kusema, "Nipe wifi yangu." Na Sista alikuwa anapokea! Wanaongea, wanacheka, wanasengenyana juu ya ndugu mmoja wa kule kwao ambaye hata simjui, kisha Sista anarudisha simu na kwenda kufunga mikanda. Wifi bila mume. Mambo hayo ni ya kituo chetu tu.

Na yeye Sista, je? Nilimwuliza mara moja kantini, kwa sababu mimi nikiwa na swali huwa silali nalo. Akamega mkate wake, akasema, "Kaka, mimi nasoma namba. Kutafsiri namba ni kazi yake, ndiyo anayolipwa." Nikamwambia, lakini ungemsaidia kidogo. Akanitazama kama ninayemwomba atembee pekupeku. "Nimsaidie? Nimpende, nimsomee, halafu nimfanyie na hesabu? Nitabakiwa na kazi gani ya kumwachia mwanamume?" Mzee mmoja mstaafu wa forodha, mwenye gari zuri tu, alimjia kwa heshima na akakataliwa kwa heshima. Miaka ikaenda. Mkanda ulifungwa, ukafunguliwa.

Mwaka huu binti yake Sista, anayeishi mji wa mbali, alijifungua mapacha. Akampigia mama yake: mama, njoo ukae nasi. Sista alikaa siku mbili na jambo hilo, siku ya tatu akapeleka notisi ya kuacha kazi, iishe siku ile ile ya kustaafu kwa Daktari. Kisha akaja ofisini kwangu kukodi lile gari letu la mizigo kwa Jumamosi ya kesho yake, limhamishie vyombo.

"Unaondoka kweli, Sista?"

"Kaka, akiondoka yeye, kila asubuhi nitamfunga nani mkanda? Kijana wa watu? Sitaki." Akalipa, akadai risiti, akashuka. Safari hii viatu havikugonga kwa mbwembwe.

Daktari alilijua kwa kusoma ubao wa matangazo kama mtu baki. Alikuja kwangu mchana, akasimama mlangoni, akaangalia magurudumu ya gari la mizigo kwa muda mrefu.

"Hili gari huwa haliharibiki?"

"Linaharibika sana."

"Linaweza kuharibika Jumamosi?"

Jamani, nilikuwa tayari. Mimi kwa rafiki naweza kulaza gari mwezi mzima. Lakini nilimwambia ukweli: "Daktari, gari naweza kuliharibu. Mama anayekwenda kuwaona wajukuu hata kwa baiskeli ataenda. Anayeweza kumzuia ni wewe tu, tena kwa mdomo." Akasema anaelewa. Kisha akasema jambo lililonivunja nguvu: kwamba kabla ya kustaafu angependa kutoa mada moja ya mwisho.

Mada ilitolewa Jumanne iliyopita, ukumbi wa juu, viti vya plastiki, pazia limeanguka upande mmoja. Watu walijaa. Kantini ilifungwa, duka la vigae likaweka mtu mmoja kaunta na wengine wote wakapanda. Sista alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake, kwa sababu za kikazi.

Projekta ikawaka. Kichwa cha mada kilikuwa: mshiriki mmoja wa kiume, na mapigo ya moyo yasiyoelezeka. Jina la mshiriki lilikuwa limefichwa kwa ajili ya maadili. Na ndugu zangu, naapa, alidhani limefichika.

Akatuonyesha mstari wa mapigo mwaka hadi mwaka. Hapa mashine ilibadilishwa, hakuna tofauti. Hapa mshiriki aliacha kahawa, hakuna tofauti. Hapa mshiriki alihamia chini, na mapigo, kinyume cha matarajio, yakapanda. Mkurugenzi alikuwa ameuma tai yake. Mhasibu alitoka nje mara mbili akidai kikohozi. Daktari anaendelea, fimbo mkononi, sauti ile ile ya kwenye mikutano. Kisha binti mpya wa takwimu, ambaye ana mwezi mmoja kazini na hajui lolote, akanyoosha mkono kwa nia njema.

"Samahani, Daktari. Hapo katikati mstari umeanguka chini kabisa kwa mwezi mzima. Kulitokea nini?"

Daktari akautazama mstari. "Hapo," akasema, "mpimaji alikuwa likizo."

Hakuna aliyecheka. Nimeona mengi katika maisha yangu, nimeona watu wakipokea vyeti na watu wakipokea talaka, lakini sijapata kumwona mtu akisikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alishika ukingo wa meza. Akasema polepole kwamba sababu nyingine zote zimeondolewa, na kwamba kwa mujibu wa kanuni ya kituo, mtafiti sasa anapaswa kuandika. Akachukua kalamu ya ubao. Akaifungua. Akaifunga. Akauliza kama kuna maswali.

Kiti cha pili kutoka kwangu mkono mmoja ukapanda.

"Mimi nina swali," alisema Sista, na sauti yake haikuwa na kicheko. "Mshiriki wa pili aliulizwa?"

"Mshiriki wa pili... hakuwemo kwenye utafiti."

"Miaka yote hii unapima upande mmoja?"

"Ni kasoro ya utafiti," alisema Daktari.

"Kubwa, Daktari."

"Kubwa sana." Akavua miwani, akawa kama mtu aliyevuliwa shati. Aliangalia kule nyuma mahali ambapo bila miwani najua hakuona kitu ila ukungu wenye mkoba. "Sista, sikuandaa swali. Nina neno moja tu. Usiende."

Basi. Mtaalamu wa miaka thelathini na mmoja, aliyewauliza watu maelfu mambo yao ya ndani, alipofika kwake akasema neno moja, tena la kuzuia.

Sista akasimama. Akabana midomo, akashika mkoba, akatoka. Mlango ukajifunga. Mkurugenzi, kwa kukosa la kufanya, akaanza kupiga makofi peke yake na mtu akamshika mikono. Daktari alibaki pale mwanga wa projekta ukimpiga tumboni, mstari wake wa mapigo umechorwa juu ya shati.

Mimi nilitoka. Cheo changu kinaniruhusu kutoka. Nilimkuta Sista kwenye kona ya ngazi, ameegemea ukuta, analia na kucheka kwa zamu bila kupangilia.

"Kaka, lile gari la Jumamosi."

"Naam, Sista."

"Lisije kwangu kupakia kitu. Liende kwa dada yake mkubwa, limchukue, limlete nyumbani kwangu pamoja na huyo bwana, wakae sebuleni wazungumze kama watu wazima. Sitaki kuposwa kwa chati." Akajifuta uso kwa ukingo wa mtandio. "Na umwambie wewe, maana mimi mle ndani sirudi nikiwa hivi."

"Na mapacha?"

"Nimeshampigia binti yangu sasa hivi. Analia na yeye. Nimemwambia wajukuu watakuja likizo, watamkuta babu."

Nilirudi ukumbini nikatoa tangazo kwa sauti yangu ile ya stendi. Sitaeleza kelele zilizofuata, ila chini dukani sinki moja lilidondoka na hakuna aliyedai. Daktari aliketi ukingoni mwa meza akaomba maji. Alikunywa glasi nzima, akarudisha, akaomba nyingine. Simu ya mapokezi ikalia, na hata kabla haijapokelewa tulijua ni nani.

Basi, mstaafu wetu. Kituo kinakushukuru kwa ngazi, kwa mitungi, kwa panya ambao binti wa takwimu ameahidi kuwaamkia kila asubuhi. Wanafunzi uliowafundisha wametapakaa vyuo vingi na wote wana tabia yako ya kuuliza watu walikutana wapi, hata msibani. Umetufundisha kutojidanganya, na ukajicheleweshea mambo yako mwenyewe kwa kutojidanganya kupita kiasi; tunakusamehe, na Sista kwa maelezo yake mwenyewe atakusamehe kwa awamu. Mimi binafsi nakushukuru kwa kukaa kiti changu cha nyuma bila kunisahihisha njia hata siku moja, ingawa mara mbili tatu nilipotea.

Maisha yako ya mbele yawe mema, yawe marefu, na yasiwe na mikutano. Jumamosi saa nne kamili gari litakuwa mlangoni kwako, limeoshwa. Dada mkubwa atakaa mbele, ameshasema. Wewe utapanda nyuma na sisi wengine, tumeshajiandikisha wengi, tushikilie vyuma. Vaa shati safi. Chati acha ofisini. Ukifika sebuleni kwa mama wa watu na maneno yakakukwama tena, usitutazame sisi tuliosimama dirishani. Mtazame yeye, useme lolote, hata kama sauti inatetemeka.